Mtu wa Kurusha Jerikeni

Mama alipofariki, kaka zangu wawili walikaa nami juma moja, kisha wakafunga mizigo na kurudi magharibi. Huko ndiko babu yetu alikotoka zamani, alipoletwa Nakuru kuchochea moto wa garimoshi. Wao walikuwa wamesharudi nyumbani kitambo, wamejenga, wana ng'ombe. Mimi ndiye niliyebaki katika nyumba ya mama, kwenye mtaa wa wafanyakazi wa zamani wa reli. Kaka mkubwa aliniambia mlangoni, "Wewe unajua mji huu. Utakuwa sawa."

Sikuolewa. Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya wasichana, na watu hudhani mwalimu hawezi kukosa mtu wa kuongea naye. Kweli naongea kutwa. Lakini jioni nikifungua lango, bawaba zikalia, halafu kukawa kimya, ndipo nilipokuwa nikigundua kwamba tangu asubuhi hakuna aliyeniuliza swali lililonihusu mimi. Kwa miezi mingi niliendelea kusonga ugali wa watu wawili. Fungu la mama nilimpa mbwa wa jirani, naye akaanza kunisubiri langoni, nami nikaanza kufurahi kwamba kuna anayenisubiri.

Kilichonitoa nyumbani ni mgongo. Katika ugonjwa wake nilikuwa nikimwinua mama kitandani asubuhi na jioni, na alipokwenda aliniachia maumivu ya kiuno. Daktari wa viungo akaniambia, "Mwalimu, ogelea. Maji yatakubeba." Nilikuwa nimejifunza kuogelea kidogo nikiwa chuoni. Basi nikatafuta hoteli moja ndogo yenye bwawa ambalo siku za kazi halikuwa na watu, nikawa naenda baada ya vipindi. Hapo ndipo nilipokutana na mama waru.

Jina hilo alipewa na wapishi wa ile hoteli, kwa sababu alikuwa akiwaletea waru, yaani viazi, kutoka Molo. Alikuwa na shamba huko na malori mawili, na mwenyewe aliendesha moja. Katika bei ya viazi vyake alikuwa ameweka sharti: kila akishusha mzigo, aogelee katika bwawa lao bila kulipa. Mara ya kwanza nilimwona akitoka upande wa jikoni na gambuti miguuni, mwanamke mnene wa umri wangu, akaingia chumba cha kubadilishia, akatoka na vazi la kuogelea la bluu lililopauka, akajitosa. Maji yaliruka mpaka kwenye viti. Aliibuka upande wa pili bila kuhema, akanitazama nikienda na kurudi.

"Wewe ni mwalimu," akasema.

"Umejuaje?"

"Unaogelea kama mtu anayesahihisha. Kila ukifika mwisho unageuka kuangalia kama umeacha kosa."

Nilicheka mpaka nikameza maji. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu matanga.

Tukawa tunangojana. Alikuwa amezaliwa kando ya ziwa kubwa la magharibi, kwenye ghuba ambako mawe meusi yanaingia majini, na watoto wa hapo hujifunza kuruka kutoka juu ya mawe kabla ya kujifunza kushika kalamu. Aliolewa Molo. "Niliolewa na baridi," alikuwa akisema. "Huko mvuke wa chai unaganda kabla haujafika puani." Mumewe alikuwa amefariki, watoto wake walikuwa ng'ambo, na pamoja na viazi vyote vile, nadhani naye alikuwa akila peke yake. Hatukuwahi kuliongea hilo. Tuliongea juu ya maji.

Jumapili moja baada ya kanisa alinichukua kwa lori. Tulitoka kwa barabara ya kwenda Njoro, tukaingia njia ya vumbi katikati ya mashamba, hadi kwenye timbo la mawe ya kujengea lililokuwa limeachwa miaka mingi. Watu wa pale huliita kwari. Mvua zilikuwa zimelijaza. Kuta zake zilikatwa wima, rangi ya uji wa wimbi, na juu yake zilionekana alama za misumeno mstari kwa mstari. Upande mmoja kulikuwa na mteremko ambapo zamani malori yalishukia kupakia mawe. Hapo maji yalianzia kifundoni, kisha yakashuka ghafla yakawa kijani kibichi, halafu meusi.

"Tutaruka kutoka pale," alisema, akionyesha ukingo wa ng'ambo, urefu wa nyumba ya ghorofa. "Lakini si leo."

"Leo ni nini?"

"Leo tunaamkia maji."

Akashusha kutoka kwenye lori kamba ndefu, jiwe, na jerikeni tupu ya njano iliyofungwa kifuniko kwa nguvu. Alifunga jiwe kwenye kamba iliyotiwa mafundo, tukapanda ule ukingo, akalishusha jiwe majini polepole huku akihesabu mafundo. Akahama hatua moja, akashusha tena. Akahama upande wa pili. Nikamwambia pale pa kwanza palitosha, tulijua kina. Akanikodolea macho.

"Umejua kina cha pale jiwe lilipoanguka. Wewe utaanguka wapi?"

Baadaye tuliingia majini kwa mteremko, taratibu, tukijirushia maji kifuani ili baridi isitushtue. Alivaa miwani ya kuogelea, akazama chini ya ule ukingo mara nyingi, akipapasa. Aliibuka akasema kuna jiwe kubwa upande wa kushoto, kama meza, na kwamba upande huo haupo tena kwetu, tuufute akilini. Halafu akaniogelesha kutoka chini ya ukingo, kufuata ukuta, mpaka mteremkoni. Tulifanya hivyo mara tatu au nne. "Kuruka hata mbuzi anaweza," alisema. "Swali ni utatokea wapi, na kama utakuwa na nguvu za kufika."

Siku hiyo hatukuruka. Tulikula mayai ya kuchemsha na mkate, tukanywa chai ya chupa, akanipeleka nyumbani.

Jumapili iliyofuata alipima upya. Nikamuuliza kwa nini, maana maji yalikuwa yale yale. Akaonyesha paipu ya chuma iliyoshuka kwenye ukuta kutoka mashambani juu, ikaingia majini karibu na mahali petu.

"Kuna mtu anavuta maji ya kunyunyizia mboga. Hii wiki jua limewaka. Atakuwa amevuta mengi."

Kisha, akiwa bado anavuta kamba, alinisimulia kuhusu kaka yake. Kule ghubani kwao kulikuwa na jiwe ambalo wote walirukia, na kaka yake ndiye aliyekuwa bingwa. Mwaka mmoja ziwa lilirudi nyuma kidogo, polepole, hakuna aliyeona. Kaka yake alitoka shule ya bweni, akakimbia moja kwa moja hadi kwenye jiwe akiwa bado na shati la shule, akaruka kwa kichwa kama alivyozoea. Hakufa. Alilala kwenye mkeka miaka mingi, shingo chini hakuna kinachosogea, na yeye mama waru ndiye aliyekuwa akimlisha mpaka alipoolewa.

"Alikuwa akiniuliza maji leo yako wapi," alisema. "Kila siku. Mimi naenda kuangalia, narudi kumwambia."

Nilimsaidia kukunja kamba.

Siku niliyoruka kwa mara ya kwanza alinivalisha viatu vya raba na kunisimamisha ukingoni. Miguu pamoja. Mikono imebana ubavuni. Usiangalie maji; angalia mbele, ile miti. Toa pumzi puani ukigusa maji. Usipinde, usigeuke, usikae. Kisha akashuka, akazunguka mpaka mteremkoni, akasimama na jerikeni mkononi, kamba yake imefungwa kwenye kishikio, tayari kunirushia.

"Hapa nakuona!" akapaza sauti. "Twende!"

Nikaenda. Kisha kishindo, baridi, giza la kijani, na kimya ambacho hakikuwa kama kile cha nyumbani, kwa sababu nilijua kuna mtu juu yake anayenihesabia pumzi. Nilipoibuka alikuwa akicheza pale mteremkoni na jerikeni kichwani.

Zilikuwa Jumapili nyingi. Hatukuruka zote. Mvua ikiwa imenyesha usiku na maji yamekuwa ya udongo, hatukuruka. Upepo ukivuma, hatukuruka. Vijana wa kutoka mjini walikuja mara moja na chupa zao, wakataka kuruka kwa vichwa, naye akaenda akasimama katikati yao na kamba yake. Mmoja akamwambia, "Mathe, tulia, sisi tunajua kuogelea." Akamjibu, "Kijana wangu, jiwe halijui kama unajua." Sijui aliwaambia nini kingine, maana nilikuwa mbali, lakini walikaa wakanywa wakaondoka wakavu.

Kisha binti yake akajifungua mapacha huko Kanada. Mama waru alisema anakwenda kwa miezi sita. Aliposema anauza malori nikajua si miezi sita.

Tuliagana Salgaa, ambako alimkabidhi shemeji yake lori la mwisho. Tulikula nyama katika hoteli moja ya madereva, malori yakiunguruma nje mpaka vikombe vikatetemeka mezani. Alikuwa amevaa koti jipya lisilomkaa. Baada ya kula aliteremsha kwenye lori ile kamba na jerikeni, akaniwekea miguuni.

"Hizi si za kukaa nazo nyumbani," alisema. "Lakini pia si za mtu mmoja. Tafuta mwenzako. Umesikia, dada? Usiruke bila mtu wa kurusha hii."

"Nitatafuta."

"Niangalie usoni useme."

"Nitatafuta, dada."

Nilitafuta kweli. Nilimwambia mwalimu wa jiografia, tunayekaa naye meza moja. Alifikiri natania, aliposadiki akasema, "Mwalimu, kwa umri huu? Si ujiunge na chama chetu cha akiba." Nilimwambia mama mmoja wa kwaya. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama nalala vizuri tangu msiba, akaahidi kuniombea. Mwalimu wa michezo, msichana mwenye nguvu, alikubali haraka, lakini kila Jumapili alikuwa na jambo, na baada ya mara ya tatu niliacha kumwuliza ili asiendelee kutafuta sababu.

Basi nikaanza kwenda peke yangu, kukaa tu. Napanda bodaboda hadi njia panda, natembea. Nilimpigia mama waru picha za maji nikamtumia. Mwanzoni alijibu papo hapo, kwa sauti, watoto wakilia nyuma yake. Kisha akawa anajibu kesho yake. Kisha ikawa ni mkono wa dole gumba tu. Sikumlaumu. Huko kukicha, huku kumekuchwa, na mapacha hawamwachi mtu na mkono mtupu.

Baada ya kukaa, niliogelea. Baada ya kuogelea, siku moja niliruka, na sikupatwa na lolote. Nikaruka tena wiki iliyofuata. Nilijiambia kwamba nafanya yote aliyonifunza isipokuwa moja, na mtu anayefanya tisa kati ya kumi si mzembe. Ukikaa peke yako sana unakuwa hodari wa kujipa ruhusa. Hakuna wa kukukatalia.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Shule zimefungwa, mji umepoa, asubuhi ina ukungu mwembamba uliochelewa kuondoka. Nilipima maji kwa kamba mahali petu pote. Yalikuwa yamepungua, lakini kina kilitosha. Nilizama nikapapasa chini. Niliogelea njia yote hadi mteremkoni. Nikaweka jerikeni juu ya jiwe, pale pale alipokuwa akisimama yeye, na kamba yake nikaikunja vizuri. Nilivaa raba zangu. Nikapanda.

Ukingoni nilibana miguu, nikabana mikono, nikatazama miti. Nikangoja. Mwili ulikuwa umezoea kuitwa. Hatimaye nikasema mwenyewe, "Twende," kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeongea kanisani.

Niliruka vizuri. Lakini hewani, katika ule muda ambao hautoshi hata kufikiri, niligeuza kichwa kuangalia mteremko. Sijui nilitaka kuona nini. Nilijua hakuna mtu. Kichwa kikavuta bega, bega likavuta kiuno, na badala ya kuingia kama mwiko, niliingia nimekaa.

Maji yakikupiga ukiwa umekaa kutoka pale juu, si maji tena. Kitu kilipasuka chini ya mgongo, au nilisikia hivyo, na pumzi yote ikatoka. Niliibuka nikifungua mdomo bila kupata hewa. Nilipoipata, maumivu nayo yakafika, na miguu yangu ikawa kama ya mtu mwingine. Ilinisikia, lakini ilikuwa mbali. Nilijaribu kuogelea kuelekea mteremkoni kama nilivyofundishwa. Mikono mitatu, minne, nikashindwa. Kila mkono niliponyoosha, kiuno kilinikata.

Jerikeni niliiona. Ilikuwa ng'ambo, njano, imekaa juu ya jiwe lake na kamba imekunjwa vizuri. Ningerushiwa ningeishika kwa kidole kimoja.

Nilirudi kwenye ukuta kwa kuelea chali nikipapasa maji. Chini ya paipu, kwa kuwa maji yalikuwa yamepungua, kulikuwa kumejitokeza ngazi ya jiwe pana kama benchi. Nilijivuta hapo kwa viwiko, kifua kwanza, kisha kiuno, nikilia kwa sauti kwa sababu hakukuwa na wa kumwonea haya. Miguu ilibaki majini. Nikalala kwa ubavu na shavu langu juu ya jiwe.

Niliita. Sauti iligonga kuta ikanirudia. Niliita mpaka mbavu zikakataa. Simu ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba ulikuwa kando ya jerikeni.

Jua lilipanda likanipasha moto kidogo, kisha mawingu ya mchana yakaja na baridi ikaanza kupanda kutoka miguuni. Nilijaribu kufikiria ni nani atakayeshtuka. Shule zimefungwa. Kaka zangu hupiga simu mwisho wa mwezi. Kanisani nisipoonekana Jumapili watasema nimesafiri. Mama waru atatuma dole gumba kwa picha ya wiki iliyopita. Nilimpitia kila mtu ninayemjua, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja nilipata sababu nzuri kabisa ya kutonikosa. Hofu ya kufa nilikuwa nayo, sikatai. Lakini kilichonitoa machozi ni kumkumbuka mbwa wa jirani, kwamba yeye jioni ataenda langoni.

Sijui nilikaa muda gani kabla sijaiona paipu kwa macho mengine. Ilikuwa ya chuma, imepita karibu na kichwa changu, ikapanda ukuta wote hadi juu. Niliokota jiwe lililotosha kiganjani, nikaigonga. Ililia kama kengele ya shule. Nikagonga tena. Nikapumzika, nikagonga. Mkono ulipochoka nikabadilisha mkono.

Juu nikasikia sauti ya mwanamke, yenye hasira.

"Ni nani huyo anaiba paipu yangu? Leo nimekushika!"

"Siibi!" nikapaza. "Mama, siibi! Nimeumia!"

Kichwa kilichofungwa kitambaa cheupe kikachungulia ukingoni. Mkononi alikuwa na jembe. Alinitazama, akatazama maji, akatazama mimi tena.

"Ngai! Umeingiaje huko?"

"Niliruka."

"Uliruka?" Macho yake yakazunguka ukingo wote. "Uko na nani?"

Nikamwambia niko peke yangu. Alishusha jembe chini taratibu.

"Usijisogeze. Usilale usingizi, umesikia? Mimi naenda kuita watu. Endelea kugonga hiyo paipu. Nikiisikia nitajua uko."

Basi niligonga, naye akaenda, na kila nilipogonga niliwaza kwamba mahali fulani juu ya mashamba kuna mtu anayesikia.

Walikuja wanaume wanne na mlango uliong'olewa kwenye zizi la ndama. Wawili waliingia majini na jerikeni yangu, maana hawakujua kuogelea vizuri, wakashikilia kamba iliyoshikwa na wengine mteremkoni. Mmoja alitaka kunibeba begani. Nikamwambia, "Boss, tafadhali, mgongo. Msinikunje." Yule mama akawapigia kelele kutoka juu: "Mmesikia? Kama mayai!" Walinilaza juu ya mlango, wakanifunga kwa leso zake mbili, wakanivuta juu ya maji hadi mteremkoni. Nilitazama mawingu muda wote. Gari la kubeba maziwa ndilo lililonifikisha hospitalini, na yule mama alikaa nyuma nami kati ya mitungi, akizuia mlango usiteleze kwa mapaja yake. Njia nzima aliongea juu ya paipu: jinsi walivyomwibia mbili mwaka jana, jinsi alivyokuwa amejificha nyuma ya pampu akinisikiliza nikigonga, akipanga atakavyonipiga.

Pale hospitalini muuguzi aliniuliza, "Tumpigie nani?"

Nikampa namba ya kaka mkubwa. Akasema huyo yuko mbali, anataka mtu wa hapa Nakuru, mtu wa kuleta nguo na kusaini. Nilikaa nikifikiri. Muuguzi aliangalia dirishani kwa adabu. Yule mama wa paipu angejitolea, nadhani, lakini alikuwa ameshatoka. Aliacha pampu ikivuta, na mafuta yangeisha. Sikuwa nimemwuliza hata namba ya simu. Mwishowe nikampa namba ya mwalimu wa jiografia. Alikuja baada ya saa moja na khanga, sabuni na machungwa, akasimama miguuni pa kitanda akinitazama kama mwanafunzi aliyemshangaza katika mtihani.

"Kumbe ulikuwa husemi mzaha," alisema.

Pingili moja ya mgongo ilikuwa imebonyea. Daktari alisema neva zimeponea chupuchupu. Nitatembea, lakini nitavaa mkanda mgumu kwa miezi kadhaa. Kaka mkubwa alikuja kwa basi na chupa ya maziwa ya mala kutoka kwa mkewe. Alikaa siku tatu. Alirekebisha lango, akawanunulia kuku wangu mahindi, akaniambia nirudi nyumbani magharibi, kuna nafasi ya kujenga. Nilimwambia nyumbani ni hapa. Alitikisa kichwa bila kubisha. Usiku wa mwisho alisonga ugali yeye, mwingi mno, tukala kimya, na nikaona kwamba naye hakujua mtu anamwuliza nini dada yake.

Mama waru nilimpigia mwenyewe, nikiwa nimelala. Nilitaka asikie kutoka kwangu. Alisikiliza hadithi yote. Nilipofika pale nilipogeuza kichwa, nikamwambia nilikuwa namtafuta yeye. Kwenye skrini alikuwa na mtoto begani, anampapasa mgongo. Aliendelea kumpapasa muda mrefu.

"Ulinitazama usoni ukasema utatafuta," alisema hatimaye.

"Nilitafuta, dada. Sikupata."

"Basi usingeruka."

"Najua."

Mtoto akalia, akaniambia atanipigia. Alipiga kweli, kesho yake, na keshokutwa. Kisha siku zikaanza tena kuachana, kama mwanzo. Hajarudi. Molo kuna mtu mwingine analima viazi vyake.

Nilipoweza kupanda gari bila kukaza meno kwa maumivu, nilienda kumtafuta yule mama wa paipu. Nilimkuta juu ya timbo, shambani kwake, anainama katikati ya mistari. Njia ya kwenda ukingoni alikuwa ameiziba kwa matawi ya miiba. Alinitambua kwa mkanda.

"Mwizi wangu amekuja," alisema, akajifuta mikono na kunisalimu kwa yote miwili. Nilimletea leso mbili mpya, kwa maana zake zilikatwa hospitalini. Alizitandaza, akazisoma maandishi, akazikunja tena kwa uangalifu na kuziweka mbali na matope. Aliniuliza kama nina watoto. Aliniuliza ni nani anayenipikia. Nilijibu. Alisema yeye mumewe yuko Nairobi kazini, huja Krismasi. Halafu pampu ikakohoa, akakimbia kuitazama, akarudi, ikakohoa tena. Ilikuwa siku ya kazi, na mimi nilikuwa mgeni aliyesimama katikati ya maji yake. Nikaaga.

Alinikatia kabeji moja, kubwa kuliko kichwa cha mtu, nikaipakata njia nzima kwenye bodaboda. Jioni hiyo nilikata robo yake nikaikaanga kwa kitunguu na nyanya. Kesho yake nikala robo nyingine. Kabeji ni chakula cha nyumba yenye watu. Ukiwa mmoja inakuwa ni kazi. Siku ya nne nilichukua kipande kilichobaki, nikakifunga kwenye gazeti, nikampelekea mwalimu wa jiografia kwake, mtaa wa pili. Nilikuwa sijawahi kufika. Alifungua mlango akiwa amevaa kandambili na sweta lililochanika kiwiko, akaangalia ile kabeji, akasema ameshapika ila chumvi imezidi, kama sijali niingie.